Naombeni ushauri: binti yangu anaimba wimbo wa mwaka 1934 na nusu ya majina yaliyomo hatuyajui

MamaNeema_Moro

Habari zenu wakuu. Niko Columbus, Ohio, kwetu Morogoro, kazi yangu nahudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea wazee na zamu zangu ni za usiku kwa hiyo mkiona nimechelewa kujibu mnisamehe.

Binti yangu ana miaka 16 yuko sekondari na mwaka huu shule yao wanafanya Anything Goes, ule mchezo wa jukwaani wa nyimbo za Cole Porter uliofunguliwa Broadway Novemba 1934. Kapewa nafasi ya Reno Sweeney, yaani mwimbaji mkuu, nafasi aliyoianzisha Ethel Merman mwenyewe. Mtoto aliyefika hapa akiwa darasa la nne hajui hata kuomba ruhusa ya kwenda chooni kwa Kiingereza, leo ndio wanamtegemea, mimi nililia ndani ya gari siku aliponiambia.

Sasa shida ni wimbo unaitwa You're the Top. Wanaimba wawili, mwanamke na mwanaume, kila mmoja anamsifia mwenzake kwamba wewe ndio uko juu kabisa mimi niko chini, na sifa zenyewe ni orodha ya vitu. Wewe ni Colosseum, wewe ni jumba la Louvre, wewe ni tabasamu la Mona Lisa, Mahatma Gandhi, Mickey Mouse, hapo tunaenda vizuri. Halafu inaanza mshahara wa Garbo, pua ya Durante, kola ya Arrow, dola ya Coolidge, mama yake Whistler, selofani. Jamani selofani! Binti kaniuliza, mama hivi mtu akikwambia wewe ni karatasi la kufungia biskuti utafurahi? Sikuwa na jibu.

Matokeo yake anaimba kama mwalimu anayeita mahudhurio. Sauti ipo, tena nzuri, lakini macho yanaonyesha hajui anachosema. Wenzake wanamwambia abadilishe aweke watu wa sasa hivi. Mwalimu wao yuko bize na mambo ya jukwaa, kawaambia kila mtu ajifunze mistari yake basi. Na kuna jingine linalomkera, kwenye mchezo huo kuna Wachina wawili waliochorwa ili watu wawacheke, kwa hiyo ananiuliza kwa nini tunahangaika na vitu vya kizamani ambavyo vingine havieleweki na vingine vinadhalilisha watu. Ni swali zuri na sitaki kumjibu hovyo.

Naombeni mnisaidie, abadilishe maneno au ayatafutie maana? Na akishaijua maana, unamwimbiaje jina mtu ambaye hajawahi kulisikia?

---

Kigoma_Damu

Dada hongera sana kwa binti. Kwa mtazamo wangu abadilishe tu, wimbo ni wa kusifia, sifa lazima msikilizaji azielewe la sivyo unamsifia nani sasa. Weka wacheza mpira, weka simu mpya, ukumbi utalipuka.

---

Mpiga_Kinanda

Mkuu wa Kigoma hapo umempotosha dada, mtamwingiza mtoto kwenye matatizo. Shule haimiliki ule mchezo, imekodi haki ya kuuigiza, na mikataba ya namna hiyo hairuhusu kubadili neno bila idhini ya maandishi ya mwenye haki. Akibadilisha, shule inaweza kuzuiwa isiuonyeshe. Hao Wachina pia mlango ni huohuo, mwalimu aandike kuomba ruhusa, na wazazi mkimsukuma ataandika. Hilo msiliache.

Turudi kwenye orodha. Dada mweleze binti kwamba hivyo vitu havikuwa vya kizamani, vilikuwa habari za wiki ile. Mimi nilianza kuupenda ule wimbo siku nilipolijua hilo, kabla ya hapo nilikuwa naupiga kwenye kinanda bila hisia yoyote.

Anza na selofani. Leo ni takataka lakini kampuni ya DuPont ilianza kuitengeneza Marekani 1924, na ile isiyopitisha unyevu ikaja 1927. Kabla yake ulikuwa unanunua kitu kimefungwa karatasi huoni kilichomo ndani. Ghafla dukani kila kitu kinang'aa, unakiona, ni kisafi, hakijaguswa na mtu. Kumwambia mpenzi wako wewe ni selofani ni kama kwetu miaka ya tisini mtu aambiwe wewe ni simu ya mkononi.

Dola ya Coolidge, huyo alikuwa rais 1923 mpaka 1929, kipindi pesa ina nguvu. Halafu uchumi ukaanguka, na Januari 1934 rais Roosevelt akashusha thamani ya dola, wakia moja ya dhahabu ikatoka dola 20.67 ikawa 35. Mchezo ukafunguliwa Novemba mwaka huohuo. Kwa hiyo waliokaa ukumbini wakisikia dola ya Coolidge wanasikia kile kile anachosema babu yako akikumbuka shilingi ya enzi za Mwalimu. Kuna uchungu mle ndani, sio kicheko peke yake.

Mama yake Whistler ni mchoro wa 1871, mchoraji Whistler alimchora mama yake, mwanamke mzee kakaa kwenye kiti ametazama pembeni. Mchoro uko mikononi mwa Wafaransa lakini kuanzia 1932 ulizungushwa Marekani watu wakapanga foleni kuuona, na Mei 1934 posta ya Marekani ikautoa kwenye stempu ya siku ya akina mama. Kila bahasha ina huyo mama! Ndio maana kaingia kwenye wimbo. Jimmy Durante alikuwa mchekeshaji, pua yake kubwa ndiyo iliyompa kula. Greta Garbo mwigizaji kutoka Sweden, mshahara wake ulikuwa gumzo wakati watu wengine wanapanga foleni ya supu. Kola ya Arrow, zamani kola ya shati la kiume ilikuwa inavuliwa na kuvalishwa peke yake, na matangazo ya Arrow yalikuwa na kijana mtanashati aliyechorwa ambaye wanawake walimpenda kama mtu halisi.

Nimeandika sana samahani, ila huu wimbo nikianza siachi.

---

MamaNeema_Moro

Mpiga_Kinanda Mungu akubariki. Nimemsomea yote tukiwa kwenye gari asubuhi natoka zamu yeye anaenda shule, hiyo ya stempu imemgusa, kasema kumbe ni kama picha inayosambaa mtandaoni kila mtu anaiona mpaka anaichoka. Nikamwambia ndiyo hasa.

Ila bado, yeye sasa anajua, ukumbi je?

---

ticha_wa_drama

Mama Neema habari, mimi ni mwalimu huku Nairobi na nimefundisha watoto wa shule kuigiza miaka mingi. Ukumbi hautajua, na si lazima ujue. Ukumbi unamsoma aliye jukwaani. Akiimba mshahara wa Garbo huku macho yanamwambia mwenzake *hapo umenishinda sasa ngoja nikuonyeshe*, watu watacheka bila kumjua Garbo ni nani, kwa sababu ule wimbo ni mashindano. Ni malumbano kabisa kama ya washairi wetu, tofauti ni kwamba hapa kila mmoja anapigania kuwa wa chini. Akishaelewa hilo hawezi tena kuisoma kama orodha, maana katika orodha kila kitu kiko sawa na katika mashindano kila kitu lazima kimzidi kilichotangulia.

Fanya hivi. Chukua penseli, pembeni ya kila jina aandike kitu chake mwenyewe chenye uzito huo. Pembeni ya Coolidge aandike kitu alichowahi kuwa nacho kikapotea. Pembeni ya Durante amwandike yule mtu wa familia ambaye akiingia tu mlangoni watu wanacheka. Mdomoni linatoka neno la Porter, moyoni kuna la kwake. Hii haivunji mkataba wowote na nimeiona ikifanya kazi kwa watoto waliokuwa wagumu kama mawe.

Na kuhusu kubadilisha, mwambie hao watunzi wenyewe walikuwa wanabadilisha, dunia ikiwalazimisha. Katika huohuo mchezo kuna I Get a Kick Out of You ambao Reno pia anauimba, maneno yake ya awali yalimtaja mke wa Lindbergh yule rubani, mwaka 1932 mtoto wao akatekwa na kuuawa, Porter akautoa ule mstari. Na hadithi ya kwanza ya mchezo ilikuwa na ajali ya meli, Septemba 1934 meli ya Morro Castle ikaungua karibu na pwani ya New Jersey wakafa watu zaidi ya 130, ikabidi hadithi iandikwe upya zikiwa zimebaki wiki chache. Grease pia, mchezo mwingine wa nyimbo, jukwaani kulikuwa na mstari unaomtaja mwigizaji Sal Mineo, akauawa 1976, filamu ilipotoka 1978 mahali pake kawekwa Elvis.

---

mtoto_wa_Likoni

Nimefurahi sana kusoma hii thread. Naongeza moja inayotuhusu huku kwetu kabisa. Mchezo ulipopelekwa London mwaka 1935, mwandishi Mwingereza P. G. Wodehouse alipewa kazi ya kubadilisha maneno Waingereza wayaelewe. Yaani alifanya haswa kile Kigoma_Damu anashauri, weka watu wa sasa hivi. Kamtoa mama yake Whistler akamweka nani? Mussolini, yule dikteta wa Italia! Kama sifa! Wewe uko juu, wewe ni Mussolini. Hiyo ilikuwa Juni. Oktoba mwaka uleule majeshi ya Mussolini yakaingia Ethiopia.

Mimi kila nikiukumbuka huo mstari mwili unanisisimka, watu wamevaa vizuri wamekaa ukumbini wanapiga makofi, na miezi michache baadaye jirani zetu wanamwagiwa gesi ya sumu kutoka angani. Binti yako akiuliza kwa nini ajifunze vitu vya kizamani, mwambie pia hilo. Mchoro wa mwanamke mzee bado unasifika mpaka leo, yule wa kisasa ndiye aliyetia aibu.

---

Kigoma_Damu

Aisee. Hili la Mussolini sikulijua, nafuta ushauri wangu.

---

Babu_wa_Ngamiani

Wanangu hamjambo. Hayo ya Marekani siyajui, lakini mnayozungumza nayajua. Sisi Tanga tulikuwa tukienda kwenye taarabu, mwimbaji akitaja ua fulani au ndege fulani au mlango ambao haufungwi, ukumbi mzima unageuka kumtazama mtu mmoja, na huyo mtu anajua anatazamwa, na mwingine anasimama kwenda kutunza pesa kwa makusudi ili mwenzake aumie. Leo wajukuu zangu wanausikia wimbo uleule kwenye redio, kwao ni ua tu. Wanaupenda, wanacheza, lakini ni ua tu.

Nikiwasimulia ua lile lilikuwa nani na mume wa nani, wanakaa kimya mpaka mwisho, halafu wanaomba wimbo urudiwe. Mama Neema, mtoto huyo anahitaji wa kumsimulia. Wewe si umesema unahudumia wazee? Hao wa huko hawakuusikia huo wimbo ujanani mwao?

---

Mpiga_Kinanda

Babu umemaliza. Mwenye miaka 90 na kitu leo, Durante alikuwa anamsikiliza kwenye redio akiwa mtoto. Dada waulize!

---

MamaNeema_Moro

Wakuu nimerudi, siku nne zimepita, nina mengi.

Babu shikamoo. Nimefanya kazi pale miaka sita nikiwapa wazee dawa na kuwageuza usiku na haijawahi kunijia akilini kuwauliza kitu kama hiki, naona aibu kidogo lakini ndio hivyo. Kuna bibi mmoja ana miaka 93, usingizi wake mwepesi, saa tisa usiku huwa macho. Nikamwonyesha karatasi ya maneno ya wimbo. Kaomba miwani. Kaanza kusoma kwa kidole, akifika jina analolijua anaguna. Alipofika Durante akashika pua yake akaivuta mbele halafu akatoa sauti nzito ya kukwaruza, kumbe anamwigiza, nikacheka mpaka mwenzangu akaja kuangalia kuna nini. Kola ya Arrow, kasema baba yake alikuwa nazo kwenye sanduku na vifungo vyake na yeye ndiye aliyekuwa anamtafutia kifungo kikidondoka chini ya kitanda. Pepsodent ilipotajwa akaimba tangazo la dawa ya meno, lote, hakukosea neno.

Dola ya Coolidge hakuijua, kasema hiyo ni ya wakubwa zake. Lakini akanieleza mama yake alikuwa anafua karatasi za kufungia mkate anazianika, hazitupwi. Nikakumbuka mama yangu na mifuko ya rambo kwenye kamba.

Jumapili nikaruhusiwa kumleta binti. Wamekaa masaa mawili, mimi nilikuwa nimekaa pembeni tu sikuambiwa kitu na yeyote kati yao. Binti kaimba taratibu maana kuna waliolala, bibi anamsahihisha, sio maneno, anamsahihisha uso. Anamwambia usiniambie mimi, mwambie huyo mwanaume, mwambie utamshinda. Ticha ni kama mlikubaliana!

Penseli pia tumetumia. Pembeni ya Garbo kaandika mshahara wa mwalimu mkuu, pembeni ya dola ya Coolidge kaandika nyumba ya bibi Morogoro. Ya selofani kakataa kunionyesha.

Kuhusu wale Wachina, wazazi watatu tumemwandikia mwalimu kwa pamoja na mmoja wao ni Mchina. Amejibu kwamba anaomba ruhusa, tunasubiri.

Alhamisi wanaanza mazoezi bila karatasi. Mpiga_Kinanda kuna mstari mmoja hatujaupata, mashua zinazoteleza kwenye Zuider Zee. Bibi kasema ni Uholanzi basi, hajui zaidi.

---

Mpiga_Kinanda

Ni kweli ni Uholanzi, ilikuwa ghuba ya bahari. Mwaka 1932 Waholanzi walimaliza kuiziba kwa ukuta wa kilomita 32 ikageuka ziwa, kwa hiyo wimbo ulipotoka Zuider Zee yenyewe ilikuwa imeshakufa miaka miwili. Hiyo aiimbe polepole.