Forester XT pedeli ya breki ilizama Kitonga, nichukue Brembo za mtumba au?

Turbo_Mtumba
Wakuu habari za mchana. Nina Subaru Forester XT ya 2004 (ya turbo), bodi ya SG5, otomatiki. Imetembea sana ila injini iko poa, turbo inavuta, sina malalamiko. Shida breki. Mjini haina neno, unakanyaga inashika. Sasa wiki iliyopita natoka Iringa kurudi Dar, nashuka mteremko wa Kitonga nyuma ya malori muda wote mguu uko kwenye breki, sijafika hata chini pedeli ikaanza kulainika, nakanyaga inaenda tu kama nakanyaga godoro. Nikapampu ikarudi kidogo, nikashusha gia 2, nikatafuta pa kuegesha. Wakaja vijana na madumu ya maji wanataka kumwagia matairi, nikawakatalia. Ilivyopoa ikarudi kawaida kabisa mpaka nafika Dar, na ndo kinachonitisha.

Kuna jamaa Ilala ana kalipa (zile zinazobana pedi kwenye diski) za Brembo, kampuni ya breki, za mbele na diski zake, zimetoka kwenye Impreza STI ya 2006, anasema zinakaa bila kubadili kitu chochote. Rimu zangu ni inchi 16. Hela ipo ila nikichukua hizo mfuko umeisha. Nishaurini.

FundiMkongwe
Mkuu tulia kwanza usinunue kitu. Pedeli kulainika na kuzama halafu gari ikipoa inarudi, hapo mafuta ya breki yamechemka. Yakichemka yanatoa mvuke na mvuke unabonyea, mafuta hayabonyei, kwa hiyo mguu wako unabonyeza mvuke badala ya kusukuma pistoni. Zingekuwa pedi zimezidiwa na joto pedeli ingebaki ngumu ila gari haisimami. Watu wanachanganya haya mawili kila siku, wanabadilisha pedi mara tatu shida ipo kwenye kikopo cha mafuta.

Haya mafuta yananyonya unyevu hata gari ikiwa imepaki tu. DOT ni daraja la mafuta ya breki, limeandikwa kwenye chupa. DOT 3 mapya lazima yahimili nyuzi 205 ndo yachemke, yakishanyonya maji kiwango kinashuka hadi 140. DOT 4 ni 230 na 155. DOT 5.1 ni 260 na 180. Sasa piga hesabu mwenyewe na mteremko wa Kitonga. Yalibadilishwa lini? Na nasema kubadilishwa, sio kujazia.

Turbo_Mtumba
Nimetoka kufungua kifuniko saa hii, meusi tii. Aliyeniuzia hana kumbukumbu yoyote ya sevisi, anasema tu "gari haijawahi kusumbua".

Chuma Chakavu
Mnamkatisha tamaa bure. Brembo ni Brembo bwana, kalipa kubwa gari inasimama mapema, weka hizo usahau shida. Turbo na breki za familia wapi na wapi 😂

Boksa_Baridi
@Chuma punguza. Kama ukikanyaga kwa nguvu ABS (mfumo unaozuia tairi kujifunga) inaanza kugonga mguuni, maana yake breki ulizonazo tayari zinaishinda tairi, hapo hata ufunge diski ukubwa wa sinia hutasimama mapema, utasimama pale pale tairi inapokuruhusu. Breki kubwa faida yake ni kubeba joto, unakanyaga tena na tena bila kuchoka. Ni faida ya kweli, sikatai, ila ukiweka mafuta yale yale meusi nayo yatachemka tu.

Sasa turudi kwa jamaa wa Ilala, amekwambia nusu ya habari. Kalipa za mbele kweli zinakaa kwenye tundu zile zile. Ila STI kuanzia 2005 nati zake ni 5x114.3, yaani nati tano kwenye duara la milimita 114.3, Forester yako ni 5x100, diski za hiyo 2006 haziingii kwenye habu yako. Unatafuta za STI za mpaka 2004. Diski yenyewe ni 326mm, kwenye rimu 16 haiingii, unahitaji 17 na sio kila 17, kuna zingine spoku zinagusa kalipa. Kwa hiyo ongeza diski, rimu nne na tairi nne. Bado nyuma umebaki na breki zile zile ndogo, kazi yote inaenda mbele.

Ukitaka kupandisha bila kufilisika tafuta kalipa za pistoni nne za Impreza WRX, zile za Subaru yenyewe. Pima diski zako za mbele, kama ni 294mm kwa unene wa 24 zinakaa moja kwa moja, diski haubadili, na kwenye 16 nyingi zinapita. Lakini hiyo ni baadaye.

Mlima Nyoka
Mimi naendesha gari kubwa njia hiyo hiyo. Mdogo wangu, gia unashusha juu kabla ya kuanza mteremko, sio ukishasikia pedeli imeenda. Otomatiki weka 3, ukiona bado inakimbia weka 2, iache injini ingurume hata kama inakukera. Na usiburuze mguu kwenye breki mlima mzima, kanyaga kwa nguvu upunguze mwendo, achia kabisa, zipate upepo. Maji umefanya vizuri kukataa, chuma chenye moto vile ukikimwagia kinaweza kupasuka.

Turbo_Mtumba
Mrejesho. Nimeenda gereji wamefungua matairi yote. Mbele kushoto pini moja inayotelezesha kalipa imeganda kabisa, pedi ya ndani imebaki karibu na chuma, ya nje bado nene. Diski ya upande huo imekuwa na rangi ya bluu. Mipira ya breki, ile inayopitisha mafuta, ukiikunja unaona imechanika chanika. Fundi anataka kupaka grisi ya kawaida kwenye hiyo pini aendelee.

FundiMkongwe
Mzuie! Grisi ya kawaida inavimbisha raba za pini, baada ya muda zinaganda tena. Iwe ya silikoni, ya breki. Hiyo kalipa ilikuwa inaburuza pedi muda wote hata ukiwa umeachia, joto lote hilo limeenda kwenye mafuta, ndo maana upande mmoja umekuwa bluu.

Badilisha diski zote mbili za mbele kwa pamoja na pedi seti nzima, mipira yote minne, pini na raba zake, halafu mwaga mafuta yote weka DOT 4 ya chupa iliyofungwa, atoe upepo mpaka yatoke safi kila tairi. DOT 5 usiweke, ile ni silikoni haichanganyiki na hizi. 5.1 ni sawa. Ukimaliza tafuta barabara tupu, toka 80 shuka mpaka 20 mara kadhaa bila kusimama kabisa, kisha endesha taratibu zipoe. Usiegeshe na mguu juu ya breki zikiwa za moto, pedi inaacha alama kwenye diski halafu stelingi inatetemeka watu wanakwambia diski imepinda.

Turbo_Mtumba
Sawa mkuu, nimemsimamisha, nimeenda kununua grisi na mipira. Hesabu nzima haifiki hata nusu ya bei ya zile kalipa. Shukrani wote.

Chuma Chakavu
Hizo Brembo jamaa anauzaje? Nina Impreza hapa, rimu 17. Nitumie namba yake PM 😅