MJADALA: Je, Mkorea aliyezaliwa Japani abadili uraia ndipo apige kura?

Mwanzisha mada:
Wakuu, kila tukigusa habari za zainichi, yaani Wakorea wa Japani, hoja hurudi ile ile: wakitaka kura, waombe uraia kama mgeni mwingine yeyote. Naipinga.

Hawakuingia kama wageni. Japani iliitwaa Korea mwaka 1910 ikawafanya raia wa dola yake, watake wasitake. Wengine walivuka bahari kutafuta kazi, wengine wakapelekwa kwa nguvu migodini wakati wa vita. Mwaka 1945 walikuwa kama milioni 2. Wengi wakarudi kwao, wakabaki kama 600,000. Kisha Aprili 28, 1952, mkataba wa amani wa San Francisco, uliofunga vita vya Japani, ulipoanza kutumika, uraia wao ukafutwa kwa waraka wa serikali. Hakuna aliyeulizwa. Leo mjukuu aambiwe aombe kile ambacho babu yake alinyang'anywa?

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, hayo ya babu nayakubali. Ila sasa tuna kizazi cha tatu na cha nne. Lugha yao ni Kijapani, Korea wanakwenda kutembea tu. Mlango wa uraia uko wazi na watu kwa maelfu wameshaupita. Kung'ang'ania pasipoti ya nchi usiyowahi kuishi kuna faida gani?

Mwanzisha mada:
Ndugu yangu, aliyeamua kuupita simlaumu hata kidogo. Lakini mlango huo ulikuwa na bei yake. Kwa miaka mingi mwombaji alishinikizwa achukue jina la Kijapani, na huko nyuma, mwaka 1940, utawala wa kikoloni ulikwisha kuwalazimisha jambo hilo hilo. Mpaka leo wengi wana majina mawili, moja la nyumbani, moja la shuleni na kazini.

Mtazame Park Chong-sok. Mwaka 1970 aliomba kazi kampuni ya Hitachi kwa jina la Kijapani, akafaulu mtihani, akaajiriwa. Alipoeleza kwamba hawezi kuleta cheti cha ukoo, ambacho ni cha raia wa Japani tu, kwa kuwa ni Mkorea, ajira ikafutwa. Akaenda mahakamani Yokohama, na mwaka 1974 akashinda.

Woga wa kujulikana una mizizi. Baada ya tetemeko la ardhi la Kanto, eneo la Tokyo, Septemba 1923, ulizuka uvumi kwamba Wakorea wanatia sumu visimani. Sungusungu wakasimama njiani na mapanga na mikuki ya mianzi, wanamwamuru mpita njia atamke "jūgoen gojissen", yaani yen 15 na sen 50. Ulimi wa Mkorea huteleza kwenye ile "j" na "g" za mwanzo. Aliyeteleza aliuawa. Ukishasikia hilo, utaacha kusema jina ni karatasi tu.

Mchangiaji wa pili:
Nami naingia kidogo. Tukubali wameonewa, lakini kura itawasaidia nini? Ni wachache mno. Na Japani si imeshatunga sheria ya kuzuia kauli za chuki?

Mwanzisha mada:
Dada, hapo ndipo penyewe. Sheria ya taifa ya mwaka 2016 haina adhabu. Yenye meno ni ya jiji la Kawasaki, iliyopitishwa mwaka 2019: anayerudia kosa hutozwa faini hadi yen 500,000. Ilipatikana kwa sababu wakazi wa Sakuramoto, mtaa wa jiji hilo wenye Wakorea wengi, walichoka kuona maandamano ya matusi yakielekea mtaani kwao, wakaisumbua halmashauri mpaka ikasikia. Waliisumbua, lakini wengi wao hawana kura ya kumchagua wala kumwondoa diwani hata mmoja. Kodi ya jiji wanalipa.

Wala sidai kura ya bunge. Nasema kura ya mtaa na ya jiji, kwa mwenye ukazi maalumu wa kudumu, yaani kibali cha hao waliofutiwa uraia na uzao wao. Mahakama ya Juu ya Japani ilisema mwaka 1995 kwamba katiba haiwapi haki hiyo, lakini haikatazi bunge kuwapa kwa sheria. Bunge halijatunga.

Anayesema kura ni ya raia pekee kila mahali aitazame Korea Kusini. Mjapani mwenye ukazi wa kudumu Seoul, miaka mitatu ikishapita, anapiga kura za mitaa tangu 2006. Mkorea aliyezaliwa Ikuno, Osaka, ambako mama yake naye alizaliwa, hapigi.