Mrejesho: Viwakilishi katika insha za darasa la nne

Ndugu walimu, niliwauliza namna ya kuwasaidia wanafunzi wangu hapa Tukuyu, ambao katika insha zao waliandika "hii imevunjika" wakimaanisha kiti. Nilifuata ushauri wenu: wanaandika kwanza "Kiti hiki kimevunjika", kisha wanafuta nomino na kubakiza "Hiki kimevunjika", ili waone kwamba neno lililokuwa kivumishi sasa ni kiwakilishi, yaani linasimama badala ya nomino, na bado linafuata ngeli (kundi la nomino) ileile. Upatanisho wa maneno katika sentensi zao umeimarika, nami nawashukuru kwa dhati. Kigumu zaidi, kwa maoni yangu, ni sentensi kama "Neema alimwambia Rehema kwamba yeye ndiye aliyechaguliwa kuwa kiranja", ambamo msomaji hajui kiranja ni yupi kati yao. Hapo ninawaelekeza warudie jina bila kusita.