MJADALA: Posho ya Desemba, au tuwatafutie wazee vitambulisho sahihi?

Ndugu zangu wa Busia ya Uganda na popote mlipo, nalileta hili nikijua nitarushiwa mawe. Kila mwisho wa mwaka makundi ya hisani hapa kwetu hukusanya wazee, huwapa kilo tano za posho (unga wa mahindi), kilo mbili za maharage na mche wa sabuni, kisha picha mbele ya bango. Nimechangia miaka minne. Mwaka huu sitoi, na kama nimekosea nielezeni.

Kuna jajja (bibi mzee) jirani yangu. Desemba iliyopita alikaa juani tangu saa mbili asubuhi hadi saa saba. Jioni namkuta sokoni ametandaza gunia, anauza yale maharage kwa kikombe. Akaniambia maharage yanakula makaa mchana kutwa, na makaa hana. Meno nayo yamebaki mawili. Basi akauza maharage, akanunua makaa ya kupikia posho.

Jajja huyo anasema siku Uganda inapata uhuru, 1962, alikuwa na mtoto mgongoni. Kitambulisho chake kimeandikwa amezaliwa 1953! Aliyemwandikisha alikadiria tu kwa macho. Sasa ruzuku ya serikali kwa wazee, ile SAGE, ni shilingi 25,000 kwa mwezi kwa aliyetimiza miaka 80. Kwa kitambulisho hicho atasubiri hadi 2033. Nasema hela ya posho ilipe boda, barua ya mwenyekiti wa LC (baraza la kijiji) na kutafuta karatasi za ubatizo, mwaka urekebishwe. Posho yenyewe haimalizi wiki mbili.

Mama Malaba: Kaka, jajja wako aliuza, wangu alipika. Analea wajukuu watano, na wiki ile walilala wameshiba. Kitambulisho hakiingii chunguni. Unajua hizo karatasi zinachukua muda gani? Wazee watatu wa kijiji chetu walizikwa faili zao zikiwa bado mezani kwa mtu.

Mbeba Magunia: Mimi ndiye ninayepakua hayo magunia, kwa hiyo nisikilizeni. Mfadhili akikosa picha, mwaka ujao haleti kitu. Bango silipendi hata mimi, wazee wengine huficha uso na kanga. Lakini nikimwambia mfadhili "lete hela ya boda na barua za LC", atadhani nakula. Gunia linahesabika.

Kijana wa Sofia: Watoto wake wako wapi? Tunaficha aibu ya koo zetu kwa michango.

Mama Malaba: Wa jajja ninayemsema wako makaburini, mwanangu. Uliza kwanza.

Jirani wa Ng'ambo: Nyinyi mnabishana posho na mimi nawashangaa. Huku upande wa Kenya, Inua Jamii, ruzuku yetu ya wazee, ni miaka 70 na shilingi zetu 2,000 kwa mwezi. 25,000 zenu hazifiki nusu yake. Zanzibar nao walianza pensheni ya wazee 2016, kwa miaka 70 pia. Kwenu wastani wa maisha haujafika 70, halafu mlango umewekwa 80. Nani anaufikia?

Mbeba Magunia: Na SAGE ilipoanza, kwenye wilaya za majaribio, ilikuwa miaka 65, Karamoja 60. Ilipoenezwa nchi nzima ndipo umri ukapandishwa, hela isingetosha. Kwa hiyo ukirekebisha kitambulisho cha jajja mmoja, wa miaka 74 anabaki palepale na njaa yake. Huyo ndiye nampelekea gunia.

Mwenye mada: Mbeba Magunia, hapo kwa wa miaka 74 umenishika, sina jibu. Dada wa Malaba, wajukuu nao sikuwafikiria. Basi sisemi tena posho ife. Ila maharage makavu kwa mtu asiye na makaa wala meno ni kazi ya mtu ambaye hakuuliza; unga wa mtama wa uji ungemfaa zaidi, na sukari kidogo.

Mchango wangu bado nauelekeza kwenye karatasi. Jumatatu nilimpeleka jajja misheni. Daftari la ubatizo la miaka ile lipo, limeliwa na mchwa pembeni, jina la baba yake linasomeka, mwaka nusu. Karani kasema turudi Alhamisi Padri akiwepo. Boda kwenda na kurudi elfu nane, sisi wawili juu ya pikipiki moja, naye kanishika shati njia nzima.