Kutoa lithiamu kwenye mwamba: asidi, magadi au soda kali?

Mchenjuaji: Wanajukwaa, naomba tulinganishe njia za kutoa lithiamu kwenye spodumeni, madini ya mwamba yenye lithiamu, kwa kuangalia mazingira. Katika njia iliyozoeleka, makinikia huchomwa tanuruni kwa nyuzi 1,050 hadi 1,100 za Sentigredi, huchanganywa na asidi ya salfuriki, kisha huchomwa tena kwa nyuzi 250 hivi, ndipo lithiamu ikubali kuyeyuka majini. Katika njia ya magadi, makinikia yaliyokwisha kuchomwa hupikwa na kabonati ya sodiamu ndani ya mtungi wa shinikizo kwa nyuzi 200 na kitu. Ipi safi zaidi?

Mwamba Mgumu: Ya magadi, bila shaka. Ukitumia asidi, kila tani ya kabonati ya lithiamu unayoipata huambatana na karibu tani 2 za salfeti ya sodiamu, chumvi isiyo na soko la kutosha na isiyofaa kumwagwa mtoni. Magadi hayaachi salfeti hiyo. Mabaki yake makuu ni analsimu, madini yasiyo na asidi.

Moto wa Tanuru: Kuhusu salfeti nakubali, ila nyote mmelipita tanuru, na humo ndimo mafuta na gesi nyingi huteketea. Spodumeni ya asili, yaani alfa, imeshikamana mno kiasi kwamba asidi haiipenyi. Ikichomwa hugeuka beta na kuvimba kwa takriban asilimia 30. Nimewahi kushika punje zake kabla na baada, na zile zilizokuwa zikikwaruza kioo zilipukutika vidoleni kama chokaa. Magadi nayo yanaihitaji hiyo beta.

Mchenjuaji: Basi tuitazame soda kali, yaani haidroksidi ya sodiamu, inayoishambulia alfa moja kwa moja pasipo kuichoma. Huko Australia, kampuni ya Lithium Australia na taasisi ya sayansi ya nyuklia ya ANSTO zimeiendeleza kwa jina la LieNA, na inapokea hata vumbi laini ambalo tanuru hulipeperusha, hivyo lithiamu iliyokuwa ikitupwa inaokolewa.

Mwamba Mgumu: Hilo la vumbi limenigusa. Hata hivyo, soda kali hutengenezwa kwa umeme mwingi, kwa hiyo isiporudishwa mtamboni na kutumika tena, moshi utakuwa umehamia kiwanda kingine tu.

Moto wa Tanuru: Ndiyo maana ningeanza na tanuru la umeme, kama lile ambalo kampuni za Pilbara Minerals na Calix ziliamua kulijenga kwenye mgodi wa Pilgangoora, Australia, umeme wenyewe ukitoka kwenye jua au upepo, kisha magadi yafuate badala ya asidi.