Vijana wanaoangalia watu wakila mtandaoni: tuwapime kwa maswali sita?

Mtoa mada, Ngamiani

Wadau, kwenye kikao cha wazazi limeletwa pendekezo kwamba walimu wa ushauri nasaha wawajazishe vijana dodoso la uraibu wa mukbang, zile video zilizoanzia Korea Kusini, mtu anarundika masahani mbele ya kamera anakula, watu wanamtazama. Dodoso lipo kweli, halikutungwa kijiweni. Watafiti Kircaburun, Griffiths na wenzao walilijaribu kwa wanafunzi wa Uturuki, likachapishwa 2020. Maswali sita, kila moja alama 1 hadi 5. Unaziwaza sana? Unaziangalia ili usahau shida? Muda unazidi kuongezeka? Umejaribu kuacha ukashindwa? Ukizikosa unapata arosto? Zimekuharibia masomo au kazi?

Mimi napinga. Maswali yenyewe yametoholewa kutoka kipimo cha uraibu wa Facebook cha Bergen, Norwei, cha 2012. Toa mukbang, weka tamthilia za Kituruki, nusu ya Tanga tutaonekana waraibu, mama yangu akiongoza.

Mdau wa Makorora

Unafanya mzaha kwa sababu hayajakufika. Binti yangu anapakua bada na samaki, anaegemeza simu kwenye jagi la maji, na hagusi tonge mpaka yule Mkorea aanze kutafuna. Bando likikata, sahani anaisukuma pembeni. Tamthilia gani inafanya hivyo?

Mdau wa Chumbageni

Shirika la Afya Duniani, kwenye orodha yake ya magonjwa ya ICD-11 iliyoanza kutumika 2022, limetaja uraibu wa kamari na wa michezo ya kompyuta. Mukbang haikutajwa. China nao walipotunga sheria mwaka 2021 waliwabana wanaorusha video za kula kupita kiasi, tena kwa hoja ya kupoteza chakula. Mtazamaji hawakumgusa. Sisi tunaanza na mtoto?

Mtoa mada

Mama wa Makorora, samahani kama nimekukwaza. Ila tuseme bintiyo amepata alama 24 kati ya 30. Hakuna swali lililomuuliza anakula na nani. Mama yuko sokoni mpaka usiku, baba yuko baharini, mtoto kabaki na simu yake. Mwenzake naye kapata 24 hizohizo, kumbe anajinyima chakula apungue mwili, anashibisha macho tu. Wa kwanza anataka mtu wa kukaa naye mkekani, wa pili apelekwe kwa daktari, tena upesi. Fomu imewaweka fungu moja, na shuleni jina litakalowabaki ni teja wa mukbang. Mnajua watoto wetu kwa kubandikana majina! Swali la masomo ndilo nalikubali, na hilo mwalimu analiona kwenye daftari bila fomu.

Mdau wa Makorora

Sokoni nakaa mpaka saa tatu usiku, hapo umenipata. Lakini fomu ikija nitamruhusu ajaze. Tangu aanze mambo haya, hakuna mwalimu aliyemuuliza hata swali moja.