Ruhusa ya FILE: wapewe wanaopakia data au abaki nayo adimini peke yake?

Mtunza Seva: Wakuu, timu ya ripoti wanataka yuza wao wa MySQL (programu ya databesi) apewe FILE wapakie mafaili ya maandishi wenyewe kwa LOAD DATA INFILE, amri inayopakia faili zima kwa mkupuo, kisa kuingiza mstari mmoja mmoja kwa INSERT kunawachelewesha. Nimekataa. FILE haitolewi kwa databesi moja, ni ya seva nzima, ukiwa nayo unasoma faili lolote ambalo seva inaweza kulisoma na unaweza kuandika mafaili mapya pia. Watu wenyewe hata kujua faili lao limetenganishwa kwa koma au tabu ni shida, ndo niwape seva? Mnasemaje?

Binti Jedwali: Hapo kwenye koma na tabu umetukosea adabu. Mimi niko ripoti. Nyie ndo mnatutolea mafaili yana koma katikati ya majina, hayajafungwa kwa alama za kunukuu, kolamu zinahama halafu lawama zetu.

Kamba Ndefu: Jamani mada. Watumie LOAD DATA LOCAL, haitaki FILE, faili linatoka kwenye mashine ya mtumiaji, ruhusa ya INSERT kwenye jedwali inatosha.

Mtunza Seva: LOCAL toka toleo la 8 inakuja imezimwa, na si bure. Seva ndiyo inayomwomba klayenti (programu ya mtumiaji) faili, sasa ukiunganishwa na seva ya mhuni itaomba faili jingine kabisa.

Kamba Ndefu: Si seva unaitunza wewe? Mhuni ni nani hapo? Sema tu hutaki. Au weka mpangilio wa secure_file_priv kwenye folda moja, FILE yao haitatoka nje ya hapo.

Zamu ya Usiku: Sisi wa PostgreSQL (databesi nyingine) amri ya COPY ya faili lililo kwenye seva inataka supayuza, yuza mwenye ruhusa zote, au jukumu la pg_read_server_files, iko toka toleo la 11. Wengine wote wanatumia \copy, inayosoma faili la mashine yao, na maisha yanaenda.

Mtunza Seva: Nani kauliza PostgreSQL mkuu?

Binti Jedwali: Bado hujaniomba radhi. Na hiyo LOCAL mnayoisifia, rekodi ikigongana na ufunguo uliopo (thamani isiyoruhusiwa kujirudia) inarukwa, kosa linageuka onyo tu, asiyesoma maonyo anapeleka ripoti ina mapengo. Hilo nalijua mimi niliyeshindwa koma.

Mtunza Seva: Sikukutaja wewe dada.

Binti Jedwali: Ulisema watu wa ripoti, mimi ni nani?

Kamba Ndefu: Dada yuko sahihi, mafaili machafu yanatoka kwa wanaoyatoa. Nani anapanga muundo wa faili pale kwenu?

Mtunza Seva: Muundo unatoka kwa waliotengeneza mfumo, si mimi.

Binti Jedwali: Ruhusa yako, muundo wa wengine, lawama zetu. Weka alama za kunukuu kwenye hayo mafaili kwanza, FILE yako kaa nayo.

Zamu ya Usiku: Na mweke usimbaji wa herufi wa UTF-8 wakati mko hapo, majina ya watu yanaharibika.